Newstead: anza na ukuta, kitanda cha Byron kitakusubiri

Ukifika Newstead usikimbilie ndani. Wageni wengi hupita getini wakiwa na jambo moja kichwani, kukiona kitanda cha Lord Byron, mshairi Mwingereza ambaye ukoo wake uliimiliki nyumba hii, na wakishakiona huondoka bila kujua hasa wameona nini. Ushauri wangu ni kinyume. Simama kwanza nje, upande wa magharibi, uutazame ule ukuta mrefu wa mawe ulioungana na nyumba kwa kushoto. Mpangilio wa vyumba, umaskini wa ukoo, hata mashairi yenyewe, vyote hueleweka kwa urahisi zaidi ukishausoma ukuta huo.

Newstead Abbey iko Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kilomita 18 hivi kaskazini mwa jiji la Nottingham, ndani ya eneo lililokuwa msitu wa Sherwood. Ukuta ninaousema ni uso wa mbele wa kanisa, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 13. Kanisa lenyewe halipo. Ukizunguka nyuma yake unakuta majani yaliyofyekwa vizuri, kaburi la mbwa na anga tupu. Mgeni asiyeambiwa hudhani pametokea vita au moto. Havikutokea. Kilichotokea ni uamuzi wa serikali, na baada ya hapo maji ya mvua.

Jina lisikupoteze, maana Newstead haikuwahi kuwa abasia. Ilikuwa nyumba ndogo iliyoongozwa na priori, mkuu wa cheo cha chini kuliko abati anayeongoza abasia, na waliokaa humo walikuwa makanoni wa Mtakatifu Augustino: mapadre walioishi pamoja kwa kanuni moja, wakivaa joho jeusi, na ambao waliweza kutoka kwenda kuhudumia parokia za jirani. Mfalme Henry wa Pili ndiye aliyewaanzishia, karibu mwaka 1170. Yapo masimulizi kwamba alifanya hivyo kama toba kwa kuuawa kwa Askofu Mkuu Thomas Becket, lakini tarehe hazikai sawa na hadithi hiyo, kwa hiyo usiitegemee. Cheo cha abasia kilikuja baadaye, wakati mali ilikuwa imeshaingia mikononi mwa mabwana waliopenda jina lenye uzito.

Sasa usogelee ukuta. Katikati chini kuna mlango, na juu yake tundu kubwa la dirisha lililokuwa na vioo vya rangi. Leo hakuna kioo, wala hakuna zile nakshi nyembamba za mawe zilizovishika vioo mahali pake. Kila upande wa tundu hilo kuna umbo la dirisha refu lenye tao lililochongoka. Litazame la kulia kwa makini. Halikuwahi kupitisha mwanga hata siku moja. Ni sura ya dirisha iliyochongwa juu ya ukuta mzima, kwa sababu nyuma yake hapakuwahi kuwa na kanisa.

Sababu iko kwenye ramani ya jengo. Kanisa lilikuwa na ukumbi mkuu na ubavu mmoja tu, yaani ukumbi mwembamba wa pembeni, wa kaskazini. Upande wa kusini palikuwa tayari na makazi ya makanoni, hivyo ubavu wa pili usingeingia. Fundi alikuwa na chaguo mbili: ajenge uso wenye bega moja, au aufanye uonekane umekamilika. Akachagua la pili. Sehemu nzima ya kulia ya ukuta ule ni mapambo matupu, yamewekwa ili mtu anayekuja kutoka magharibi aone kanisa kubwa kuliko lililokuwepo. Kwangu hili ndilo jambo kuu la kujua kuhusu Newstead, na nitalirudia nikifika kwa Byron: mahali hapa palikuwa pakionyesha zaidi ya palichokuwa nacho miaka 500 kabla ya mshairi kuzaliwa.

Inua macho hadi juu kabisa. Ndani ya kidaka kilicho karibu na kilele kuna sanamu ya Bikira Maria akiwa na Mtoto. Vidaka vingine ni vitupu. Byron aliiandika picha hii yote katika wimbo wa 13 wa shairi lake refu *Don Juan*, uliochapishwa mwaka 1823, akiwa Italia na akijua kwamba nyumba si yake tena. Aliipa Newstead jina la Norman Abbey, lakini vitu alivyovitaja unaweza kuvihesabu kwa kidole ukiwa umesimama pale: watakatifu 12 waliokuwa wamesimama kwa jiwe na sasa hawapo, dirisha kubwa lililonyang'anywa vioo vyake, na Maria aliyesalimika juu huku vingine vikiangamizwa. Anaeleza pia kwamba upepo ukivuma kutoka upande fulani usiku wa mbalamwezi, tao lile kubwa hutoa mlio kama wa kuomboleza, na anakisia kuwa ni umbo ambalo uharibifu umelipa jiwe ndilo lenye kutoa sauti. Mtu hawezi kuandika hivyo kwa kusimuliwa. Ndiyo maana napendelea mgeni asome beti hizo kabla ya safari, kama 15 hivi kuanzia pale nyumba inapoanza kuelezwa, kuliko asome kitabu kizima cha maisha yake.

Saa ya kutazama ina maana. Uso wa ukuta unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini: jua linatokea nyuma, unaona umbo la dirisha limechorwa kwenye anga na nakshi zote zimekuwa nyeusi. Kuanzia saa nane mchana jua hugeukia upande wako, na michongo midogo inajitokeza. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo una muda mfupi sana wa mwanga mzuri. Juni unaweza kukaa hadi jioni ya kuchelewa, kama bustani bado iko wazi. Anayetaka picha ya tundu tupu la dirisha aende asubuhi. Anayetaka kumwona Maria vizuri aende alasiri, na abebe darubini ndogo kwa sababu kidaka kiko juu mno kwa macho matupu.

Kanisa likawaje ukuta? Mwaka 1536 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufunga nyumba zote za watawa zenye mapato ya chini ya pauni 200 kwa mwaka. Newstead ilikuwa imepimwa pauni 167 na kidogo, kwa hiyo ilistahili kufungwa mara moja. Makanoni wakalipa zaidi ya pauni 230 kwa Mfalme Henry wa Nane ili waachwe, yaani zaidi ya mapato yao ya mwaka mzima. Fedha hiyo iliwanunulia miaka mitatu tu. Julai 1539 priori wao, John Blake, aliisalimisha nyumba pamoja na wenzake, na mwaka uliofuata Sir John Byron wa Colwick akainunua kwa pauni 810.

Katika ufungaji wa namna hii kazi ya kwanza ya maofisa wa mfalme ilikuwa paa. Paa za makanisa zilifunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi, na risasi ilikuwa mali: ilishushwa, ikayeyushwa, ikauzwa. Kengele nazo zilikwenda kwa thamani ya shaba yake. Hapo hata kama hakuna aliyegusa jiwe, hukumu ya jengo imeshatolewa. Sir John naye alihitaji makazi, hakuhitaji kanisa. Akabaki na majengo ya kuishi ya makanoni, akayageuza nyumba ya bwana, na kanisa likawa akiba ya mawe. Uso wa magharibi ukaachwa kwa sababu ulipendeza kando ya mlango wa nyumba.

Kuna kitu kimoja cha kanisa kilichookoka kwa njia ya ajabu. Katika karne ya 18 kilitolewa majini, kwenye bwawa la Newstead, kisomeo cha shaba chenye umbo la tai aliyekunjua mbawa, kile ambacho kitabu cha Maandiko huwekwa mgongoni mwake wakati wa kusoma. Husemwa kwamba makanoni walikitupa humo wenyewe ili maofisa wasikipate, na ndani ya tufe lake zilikutwa hati za nyumba. Usikitafute Newstead. Kiko katika kanisa kuu la Southwell, mwendo mfupi wa gari mashariki mwa hapo, na bado ni kitu cha kutumika wala hakijafungiwa kwenye kabati la kioo. Mwenye siku mbili asiache kwenda.

Nirudi kwenye ukuta, maana watu huuliza umesimamaje muda wote huo bila paa wala ubavu wa kuuegemeza. Ukuta wa aina hii si jiwe moja nene. Una nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, na katikati yake kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Ukiwa na paa, maji hayaingii katikati. Paa likiondoka, mvua hutua juu ya ukuta, hupenya kwenye kifusi, huosha chokaa taratibu hadi mawe ya ndani yanabaki yamekaa bila gundi. Baridi ikifika, maji yaliyomo ndani huganda, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Nyuso mbili za ukuta husukumwa kila moja upande wake. Mizizi ya mimea inayotambaa humalizia kazi. Dalili ya kwanza ni tumbo: ukuta unafura mahali pamoja. Ya pili ni ngozi ya jiwe kubanduka.

Newstead ilisaidiwa na nyumba yenyewe, iliyouegemeza ukuta kwa kusini, na pia na watu walioanza kuuhudumia kabla mambo hayajachelewa. Matengenezo nayo yanaweza kudhuru. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la zamani na haipitishi unyevu. Ukiziba nyufa kwa saruji, maji yanayotafuta njia ya kutokea hupita kwenye jiwe badala ya kiungo, na jiwe ndilo linalomomonyoka. Wenye nyumba za mawe na chokaa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua shida hii vizuri, ingawa kwao hakuna barafu. Dawa ni chokaa kwa chokaa, laini kuliko jiwe, hata kama italazimu kurudiwa. Ukisogea karibu unaweza kuona wapi kiungo ni cheupe na laini na wapi ni kijivu na kikavu. Katika orodha ya World Monuments Watch ya mwaka 2012, inayotaja maeneo ya urithi yanayohitaji msaada, Newstead ilikuwemo. Usipande juu ya mawe yaliyolala, wala usichomoe mmea kwenye ukuta kwa nia njema. Mzizi ukitoka hutoka na chokaa.

Sasa ingia ndani, na ukiingia itafute klosta, uwanja wa mraba katikati ya nyumba wenye chemchemi ya mawe na ushoroba wa matao kuuzunguka. Hiyo ndiyo dira yako. Kaskazini yake palikuwa kanisa. Upande wa mashariki kuna chumba ambamo makanoni walikutana kila siku kusomewa sura ya kanuni yao na kukiri makosa. Leo ni kanisa dogo la nyumba, na ingawa rangi zake ni za karne ya 19, matao yake ni ya karne ya 13. Bwalo lao la chakula lilikuwa kusini, ghorofani, na sasa ndilo sebule kubwa. Magharibi alikaa priori, na ndiko alikokaa Byron. Baada ya 1540 ukoo uliongeza ushoroba wa juu, juu ya ule wa makanoni, ili mtu aende chumba hadi chumba bila kushuka. Ukipotea, na wengi hupotea, tafuta dirisha linaloangalia chemchemi, utajua uko upande gani.

Ilikuwaje nyumba ya bwana ikawa gofu kwa mara ya pili? Hapo anaingia Lord Byron wa tano, kaka wa babu wa mshairi. Mwaka 1765 alimuua jirani yake William Chaworth katika ugomvi wa panga jijini London, na baadaye akajifungia Newstead akiwa na madeni. Kabla ya hapo alikuwa amejenga ngome ndogo kando ya ziwa la juu na kuendesha vita vya mchezo kwa meli halisi. Ukipita ukingoni mwa ziwa hilo kuta za ngome bado ziko. Mwishoni alikata miti akaiuza, akauza kulungu wa bustani yake, akaacha mapaa ya nyumba yavuje. Alipofariki mwaka 1798 cheo na mali vilimwangukia mtoto wa miaka 10 aliyekuwa akiishi Aberdeen na mama yake, George Gordon Byron. Alipofika alikuta vyumba visivyo na paa. Husimuliwa kwamba bwalo la makanoni lilikuwa ghala la majani ya ng'ombe.

Mama na mtoto hawakuweza kukaa hapo. Walipanga Nottingham, kisha Southwell, na kuanzia mwaka 1803 nyumba ikakodishwa kwa Lord Grey de Ruthyn. Byron aliingia kuishi kweli mwaka 1808, akiwa na miaka 20, na jumla ya muda aliokaa, ukitoa safari yake ya Mediterania ya 1809 hadi 1811, hauzidi miaka michache. Jambo linalonigusa ni namna alivyotumia fedha za kukopa: alipamba vyumba vichache kwa mapazia na samani nzuri, paa akaliacha. Mvua ikaingia, na mapambo yakaoza baada ya muda mfupi. Ni kosa lile lile la sehemu ya kulia ya ukuta, uso kwanza na nyuma baadaye, isipokuwa fundi wa karne ya 13 alijenga kwa jiwe na kijana huyu alijenga kwa kitambaa.

Chumba chake cha kulala kiko juu, na ngazi za kukifikia ni nyembamba. Mwenye magoti yenye shida aulize mapema njia iliyo rahisi. Kitanda ni kile alichokuja nacho kutoka Cambridge alikosoma, chenye nguzo nne na mataji ya kibwana yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Dirisha linaangalia bwawa. Ukumbi mkubwa wa priori, ulio upande huo huo wa magharibi, Byron aliutumia kupigia shabaha kwa bastola. Rafiki yake Charles Skinner Matthews aliandika barua mwaka 1809 akieleza hatari za kuingia nyumba hiyo: ukikwepa huku unamkuta dubu, ukikwepa huku mbwa mwitu, na ukifika mlangoni piga kelele usije ukapigwa risasi. Dubu alikuwa wa kweli. Byron alikuwa ameishi naye Cambridge pia. Kikombe cha fuvu nacho kilikuwepo: fuvu lilifukuliwa bustanini, Byron akalidhania la mtawa, akalipeleka kung'arishwa na kuwekewa ukingo wa fedha, na wageni wake wakalinywea divai wakiwa wamevaa majoho ya kitawa. Siyapendi mambo hayo. Lakini mtu anayetaka kujua kwa nini kijana wa miaka 20 aliona mauti kila mahali, aangalie tena ni wapi alipokuwa akilala.

Nyuma ya ukuta, pale palipokuwa kanisa, kuna mnara mdogo wa jiwe jeupe wenye ngazi kuuzunguka. Si kaburi la Byron, ingawa kila wiki kuna anayepiga picha akidhani hivyo. Ni la Boatswain, mbwa wake wa aina ya Newfoundland, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa Novemba 1808. Byron alimuuguza kwa mikono yake bila kinga. Alichagua mahali alipoamini palikuwa altare kuu. Maandishi ya mwanzo, yaliyoandikwa na rafiki yake John Cam Hobhouse, yanasema kwamba hapa yamelazwa mabaki ya aliyekuwa na uzuri bila majivuno, nguvu bila ujeuri, ushujaa bila ukatili, na fadhila zote za binadamu bila maovu yake. Chini yake ni shairi la Byron mwenyewe. Katika wasia wa mwaka 1811 aliagiza azikwe hapo hapo, kando ya mbwa. Herufi zinasomeka vizuri jua likiwa pembeni. Saa sita mchana jiwe linang'aa mno na maneno hupotea.

Wasia huo haukutimia kwa kuwa nyumba iliuzwa. Mwaka 1812 Thomas Claughton alikubali kuinunua kwa pauni 140,000, akalipa amana ya pauni 25,000, akashindwa kumaliza, na Byron akabaki na amana pamoja na nyumba. Hatimaye ilinunuliwa mwaka 1817 na Kanali Thomas Wildman, aliyesoma naye shule ya Harrow, kwa pauni 94,500. Wildman na msanifu wake John Shaw ndio waliookoa jengo. Mnara mzito ulio mwisho wa kulia wa uso wa nyumba ni wao, unaitwa Sussex Tower. Kuutofautisha na kazi ya makanoni ni rahisi: mistari ya mawe yake imenyooka, kingo ni kali, na matao yake ni ya duara, mtindo wa kale kuliko ule wa kanisa ingawa umejengwa baadaye sana.

Fedha za Wildman zilitoka wapi? Familia yake ilimiliki shamba la miwa la Quebec huko Jamaika, lililolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Kila jiwe lililorudishwa Newstead katika miaka hiyo lilipitia mikono hiyo kwanza. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwaka 1861 Newstead ilinunuliwa na William Frederick Webb, mwindaji ambaye David Livingstone alimsaidia alipougua vibaya kusini mwa Afrika. Webb akamkaribisha Livingstone, naye akakaa miezi minane, kuanzia Septemba 1864 hadi Aprili 1865, katika Sussex Tower, akiandika kitabu chake cha safari ya Zambezi na kueleza humo biashara ya watumwa aliyoiona. Kisha mwaka 1874, Livingstone akiwa ameshafariki, walifika Newstead watu wawili ambao msomaji wa Kiswahili anawajua: James Chuma na Abdullah Susi. Chuma, Myao, alikuwa mtoto alipotolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi. Ndio walioongoza kundi lililobeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, alikofariki mwaka 1873, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874 baada ya miezi kama tisa.

Hawakupelekwa Uingereza pamoja na mwili. Walifika mazishi ya Westminster Abbey ya tarehe 18 Aprili 1874 yakiwa yamepita, kwa nauli iliyolipwa na James Young, rafiki wa marehemu. Kazi iliyowasubiri ilikuwa kumsaidia Horace Waller, mhariri, kuyaelewa madaftari ya mwisho ya Livingstone: majina ya mahali, mfuatano wa siku, yaliyotokea baada ya mwandishi kushindwa kushika kalamu. Ipo picha iliyopigwa Newstead mwaka huo, wakiwa na Waller na baadhi ya watoto wa Livingstone, nje ya nyumba, makaratasi mbele yao. Ukiwa Newstead, simama mahali unapouona ukuta na Sussex Tower kwa pamoja, ukumbuke kwamba Chuma na Susi waliviona vyote viwili. Wote wawili walirudi Afrika Mashariki na kufia Zanzibar, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Naona ni haki jina lao litajwe kwa sauti ile ile anayotajiwa mbwa.

Kuhusu safari yenyewe. Kutoka Nottingham kuna basi la kwenda Mansfield linalopita barabara ya A60. Shuka kwenye geti la Newstead Abbey, penye mwaloni mkubwa wa kale, kisha utembee kilomita moja na nusu hivi kwenye barabara ya ndani. Hakuna gari la kukupokea. Treni inayosimama kituo cha Newstead inakushusha kijijini, kilichojengwa kwa ajili ya mgodi wa makaa uliofungwa mwaka 1987, na kutoka hapo bado una mwendo wa nusu saa. Kosa la kawaida ni kuchanganya saa za bustani na za nyumba. Bustani, zaidi ya hekta 100, huwa wazi karibu siku zote. Nyumba haifunguliwi kila siku, na ikiwa wazi huanza kuchelewa na kufunga mapema. Angalia tangazo la wiki ile ile unayokwenda. Mmiliki ni Halmashauri ya Jiji la Nottingham, iliyokabidhiwa na Sir Julien Cahn mwaka 1931. Vaa viatu vya kuzuia maji, kwa sababu njia za kuzunguka maziwa huwa na tope hata baada ya mvua ndogo. Tenga saa mbili kwa nje na moja na nusu kwa ndani, kwa mpangilio huo.

Kaburi la Byron liko Hucknall, kilomita kama tano kusini, katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Alifariki Missolonghi, Ugiriki, Aprili 1824, Westminster Abbey ikakataa kumpokea, akazikwa kwenye kaburi la ukoo Julai 16. Jiwe lililoko sakafuni lilitolewa na Mfalme wa Ugiriki mwaka 1881, na binti wa Byron, Ada Lovelace, amelala humo pia. Westminster walimwekea kibao mwaka 1969. Tramu ya Nottingham huishia Hucknall, kwa hiyo ni rahisi kumalizia hapo na kurudi mjini bila kupitia Newstead tena. Kanisa linatumika kwa ibada. Ukienda Jumapili, fika mchana.